Ini la Mama na Haki ya Kusema Hapana

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Leo nataka tuzungumze juu ya rangi ya choo cha mtoto mchanga. Najua saa hii wengine mpo mezani, sato yupo kwenye sahani na ugali umeshamegwa, na huenda mkaona nimekosa adabu. Naomba mnivumilie. Jambo nililo nalo linaanzia hapo hapo kwenye nepi, na linaishia mbali sana, kwenye vyumba vya upasuaji vya nchi za watu, mama akiwa amelazwa chumba kimoja na mwanawe chumba cha jirani.

Watoto wengi hupata umanjano siku chache baada ya kuzaliwa. Macho yanakuwa ya njano, ngozi nayo, na bibi anashauri mtoto atolewe nje apate jua la asubuhi. Kwa walio wengi hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili, na bibi anapata sifa zake. Wapo wanaoiita homa ya manjano. Siyo. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu, na ndiyo ile tunayochanjwa tunapovuka mipaka. Lakini wapo watoto wachache ambao wiki ya pili inapita, ya tatu inapita, na njano iko palepale. Mkojo wao unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea na unatia doa kwenye nepi. Choo chao kimepauka kama unga wa muhogo.

Choo cha mtoto hupata rangi yake kutokana na nyongo, ambayo hutengenezwa na ini na kuteremka katika utumbo kwa mirija yake. Kikiwa cheupe, maana yake nyongo haishuki. Miongoni mwa sababu zake, iliyo mbaya zaidi ni ile ambayo mirija hiyo imeziba na kunyauka tangu mtoto angali mchanga. Nyongo inarudi nyuma na kuliunguza ini. Hadi leo chanzo chake hakijafahamika barabara, na kwa hiyo mama yeyote anayelaumiwa kwa alichokula au alichokosa kula wakati wa ujauzito analaumiwa bure. Ugonjwa huu ni wa nadra. Nchi nyingi huhesabu mtoto mmoja katika kila watoto elfu kumi hadi elfu ishirini wanaozaliwa. Lakini Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na ukipiga hesabu hiyo utapata watoto mia moja au zaidi kila mwaka. Sehemu yao ni wa kwetu huku Kanda ya Ziwa.

Asiyetibiwa, mara nyingi hafiki mwaka wa pili.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu si kupandikiza ini. Ni upasuaji uliobuniwa katika miaka ya 1950 na daktari Mjapani, Morio Kasai, ambaye alichukua kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe na kukiunga kwenye lango la ini ili nyongo ipate njia. Hauhitaji kiungo cha mtu mwingine. Unahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa watoto na unahitaji wakati. Ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60 matumaini ni mazuri zaidi. Kadiri siku zinavyosogea ndivyo ini linavyokuwa gumu na upasuaji ndivyo unavyokosa maana. Hata wanaofanikiwa, wengi wao huja kuhitaji ini jingine baadaye, lakini wanaweza kuwa wamekua, wameanza shule, wamepata chanjo zao zote. Kumpandikiza mtoto wa miaka kumi na kumpandikiza mtoto wa miezi minane aliyekonda ni mambo mawili tofauti.

Sasa tazameni kadi ya kliniki. Mtoto hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki sita. Wiki sita ni siku 42. Zinabaki siku 18 kabla ya zile 60. Na sindano za siku hiyo hupigwa pajani, kwa hiyo nepi inafunguliwa mbele ya muuguzi, mchana kweupe. Taiwan walilitambua hilo mapema. Mwaka 2004 walieneza nchi nzima kadi yenye picha za rangi za vyoo vya watoto, mama akalinganisha nyumbani na kutoa taarifa, na watoto waliofanyiwa upasuaji kabla ya siku 60 wakaongezeka. Wajapani nao waliiweka kadi ya namna hiyo katika kitabu cha mama na mtoto mwaka 2012. Ni karatasi yenye rangi, basi. Hapa kwetu mtu akitoka Sengerema siku hizi anavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kwa dakika chache, mahali ambapo zamani alisubiri kivuko kwa saa nzima na zaidi. Barabara imefupishwa. Mtoto anayefika Bugando akiwa na miezi mitano, tumbo limevimba na mishipa imejichora juu yake, hakucheleweshwa na maji. Alicheleweshwa kwa sababu kila aliyemwona alisema njano itaondoka.

Kwa mtoto huyo daktari anabaki na neno moja tu, kupandikiza. Na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Lugha yetu ina msemo, kwamba habari fulani imenikata maini. Tunausema kwa mzaha timu ikifungwa. Kwa familia ya mtoto huyu neno hilo halina mzaha ndani yake, kwa maana anayeulizwa atoe ini ni mzazi.

Tangu mwanzo upandikizaji wa ini umekuwa na watoto. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa ini alikuwa mvulana wa miaka mitatu, mjini Denver, Marekani, tarehe 1 Machi 1963, na ugonjwa wake ulikuwa huu huu wa mirija ya nyongo. Daktari Thomas Starzl ndiye aliyempasua, na mtoto akafa mezani kwa kutokwa na damu. Waliofuata nao walikufa. Starzl akasimama kwa miaka mitatu, akarudi 1967, na msichana mdogo wa mwaka mmoja na nusu akaishi zaidi ya mwaka. Watu wakati huo waliuliza, na hawakukosea kuuliza, kama ni halali kujifunzia kazi kwa watoto ambao hawawezi hata kutamka neno ndiyo. Jibu la waganga lilikuwa kwamba watoto wale wangekufa vyovyote vile. Ni jibu zito, ingawa mimi halinitoshi, kwa sababu laweza kutumika kuhalalisha karibu kila kitu.

Katika miaka ya 1980 zilipatikana dawa nzuri za kuuzuia mwili usikikatae kiungo kigeni, na watoto wakaanza kuishi. Shida ikawa maini. Maini ya kutosha mwili wa mtoto mchanga hayapatikani kwa urahisi, na watoto wakawa wanafia kwenye orodha ya kungoja. Ndipo madaktari wakakumbuka sifa ya pekee ya ini. Ukilikata, linaota tena. Mwishoni mwa miaka hiyo, Brazil, kisha Australia, kisha Marekani, walichukua kipande cha ini la mtu mzima aliye hai, sehemu ya kushoto ambayo ni kama robo tu ya ini zima, wakampa mtoto. Brisbane, mwaka 1989, mama alimpa mwanawe na mtoto akapona. Mwaka huo huo, Novemba, ikawa zamu ya Chicago.

Nawataja hawa wa Chicago kwa sababu walifanya jambo ambalo ni nadra kwa waganga wenye haraka ya kuwa wa kwanza. Kabla ya kushika kisu, waliandika hadharani, katika jarida la kitabibu, maswali yote ya maadili waliyoyaona na namna walivyokusudia kuyajibu. Walitaka idhini ya mzazi ipatikane kwa awamu mbili, na katikati kuwe na muda wa kufikiri. Walitaka awepo daktari wa kumwangalia mtoaji peke yake, ambaye hana kazi na mtoto. Na pamoja na tahadhari zote hizo, katika upasuaji ule wa kwanza bandama ya mama ilijeruhiwa, ikabidi itolewe. Mama alipona, na mtoto pia.

Basi mtu asituambie kwamba ni jambo la salama tupu. Kwa kipande cha kushoto, hesabu inayotajwa na wataalamu ni kwamba katika watoaji elfu moja, mmoja hivi hufa. Wengine kadhaa hupata matatizo: nyongo kuvuja, kidonda kuoza, maumivu yasiyoisha upesi. Mmoja katika elfu ni mdogo. Lakini ni mtu mzima wa afya njema, aliyeingia hospitali kwa miguu yake bila ugonjwa wowote. Kiapo cha mganga ni kutomdhuru mgonjwa, na huyu hata mgonjwa si yeye.

Sasa tuiteremshe habari hii Mwanza. Nachukua mfano, na ni mfano wa kutunga, asijitafute mtu. Mama ana miaka 26, anakaa Igoma, anauza dagaa mwaloni Kirumba. Mumewe ni fundi wa kuchomelea. Wana watoto watatu na huyu wa mwisho, mwenye miezi saba, ndiye mgonjwa. Baba amepimwa, kundi lake la damu halilingani na la mtoto. Shangazi ana shinikizo la damu. Mama ni kundi O, ana afya, ini lake linafaa. Kikao cha ukoo kinakaa Magu siku ya Jumapili. Wazee wako kwenye viti, mashemeji kwenye benchi, mama yuko chini kwenye mkeka na mtoto mgongoni. Mzee mmoja anasema, "Basi tumshukuru Mungu, ini limepatikana."

Nani katika kikao hicho amemwuliza mama? Hakuna. Na akiulizwa hapo, mbele ya wakwe, mbele ya mume, mtoto akilia mgongoni, jibu lake lina thamani gani? Akisema ndiyo hatujui kama ni ndiyo ya moyoni mwake. Akisema hapana, ataitwa nini? Nyote mnajua ataitwa nini. Kesho yake mwaloni wenzake watakuwa wameshaambizana.

Wapo watakaonijibu kwamba hakuna mama asiyekubali. Ni kweli kwamba wengi hukubali, tena mara moja, kabla daktari hajamaliza sentensi. Lakini kukubali kwa haraka namna hiyo ndiko kunakowatia wasiwasi wataalamu wa maadili, kwa sababu uamuzi umefanyika kabla habari haijasikilizwa. Mama huyu ana watoto wengine wawili, mmoja ana miaka mitano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tuyaweke mbele maslahi ya mtoto, nasi tunaposoma maneno hayo macho yanakwenda kwa aliye mgonjwa. Wale wawili walioachwa Igoma kwa jirani nao ni watoto kwa sheria hiyo hiyo. Mama akifa mezani, au akirudi hawezi kubeba ndoo ya maji wala kuinua gunia la dagaa kwa miezi kadhaa, ni wao watakaolipa. Kwa hiyo mama anayesita hatetei uhai wake peke yake. Huenda ndiye mtu pekee katika kikao kile anayewahesabu watoto wote watatu.

Kuna jambo moja ambalo hospitali kubwa za upandikizaji hulifanya kimyakimya, na msikilizaji huenda hajalisikia. Mtoaji anapoitwa faragha na daktari wake akasema, "Daktari, naogopa, sitaki," daktari huwaambia jamaa neno moja tu: hafai kitabibu. Haongezi. Ukoo unaelewa kwamba vipimo vimekataa, na mama anarudi nyumbani bila aibu.

Je, huo ni uongo? Wapo madaktari wanaoukataa kabisa. Wanasema imani ya watu kwa hospitali ni kama chungu, na ukisema uongo mmoja wa huruma, siku nyingine ukisema kweli hutaaminiwa. Wapo wanaosema kwamba mtu mwenye hofu kubwa kiasi hicho hafai kweli kitabibu, kwa hiyo hakuna uongo wowote. Mimi nimelitafakari sana. Kama ningekuwa ninazungumza na watu wa nchi ambayo mtu mzima huamua mambo yake peke yake, ningesema daktari aseme ukweli wote na dunia ivumilie. Lakini sisi tunaamua kwa vikao. Mahari imelipwa kwa ng'ombe, mwanamke anakaa kwa wakwe, na ndoa yake yaweza kuvunjika kwa neno moja lililosemwa wodini. Katika hali hiyo naona daktari anayesema "hafai" na kunyamaza amefanya haki, kwa sharti kwamba mama mwenyewe ameambiwa ukweli wote, na kwamba hakuna aliyemtafutia sababu hiyo bila yeye kuitaka. Daktari hawiwi na ukoo maelezo ya kila kilichomo ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Na hili halihusu akina mama peke yao. Baba naye huogopa, ila baba ana njia nyingi za kukwepa: yuko safarini, yuko kisiwani anavua, simu haishiki. Mzigo hubaki kwa anayemnyonyesha.

Hapa nitoke nje ya mipaka yetu kidogo, niende Johannesburg. Mwaka 2017, katika hospitali ya Wits Donald Gordon, kulikuwa na mtoto mdogo mwenye ini lililokwisha. Alikuwa amengoja kwenye orodha siku 181 bila kupata mtoaji, ilhali kwa kawaida pale walikuwa wakingoja siku 49 hivi. Mama yake alikuwa tayari, tena aliomba mara kwa mara. Lakini mama alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na mtoto hakuwa navyo. Mama huyu alikuwa ametumia dawa zake sawasawa, amebeba ujauzito, amezaa, na mtoto ametoka salama. Sasa ini lake ndilo lililokuwa linaweza kumwokoa mtoto, na ndilo lililokuwa linaweza kumpa kile alichomkinga nacho muda wote ule.

Wangefanya nini? Kumwacha mtoto afe akiwa hana virusi, au kumpa ini na uwezekano wa kuishi na virusi ambavyo leo vina dawa? Walilipeleka suala kwa kamati ya maadili, wakamweleza mama wazi hatari zote kwake na kwa mtoto, wakamwanzishia mtoto dawa kabla ya upasuaji, wakapandikiza. Waliitangaza habari hiyo Oktoba 2018, zaidi ya mwaka mmoja baadaye: mama mzima, mtoto mzima, na vipimo havikuona virusi katika damu ya mtoto, ingawa madaktari walijizuia kusema kwa uhakika kwamba hakuambukizwa. Ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa namna hiyo kutangazwa duniani. Nasi tunaoishi ufukweni mwa ziwa hili, penye kambi za wavuvi na akina mama wengi wanaokunywa dawa hizo kila siku na kuzaa watoto salama, hatuwezi kusikia habari hiyo kama hadithi ya mbali. Kinachonivutia zaidi ni kwamba pale aliyesukuma alikuwa mama na waliosita walikuwa madaktari. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mtoaji aombe, na daktari aulize mara mbili.

Kwetu Tanzania figo hupandikizwa Muhimbili tangu Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Ni maendeleo makubwa, na wengi wamepona. Lakini ini si figo. Mwenye figo mbovu anaweza kungoja kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, miezi na miaka. Ini halina mashine ya namna hiyo ya kumshikilia mtoto. Kwa hiyo familia zinazofika hatua hii hutazama India, na bei inayotajwa mara nyingi huko ni kati ya dola 25,000 na 35,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 60, bila nauli, bila chumba cha kupanga kwa miezi miwili au mitatu, bila chakula. Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyotungwa kwa ajili ya kukomesha biashara ya viungo, inataka mtoaji awe ndugu wa karibu au apitishwe na kamati, na mgeni aje na barua ya ubalozi wake. Wanaolalamika kwamba ni urasimu wakumbuke urasimu huo unamlinda nani. Bila huo, jirani maskini wa Igoma angeweza kugeuzwa kuwa "binamu" kwa shilingi milioni mbili.

Fedha zinatoka wapi? Zinatoka kwenu. Picha ya mtoto inawekwa gazetini, inazunguka kwenye simu, tumbo wazi, macho ya njano, namba ya kutumia mchango chini yake. Nawaheshimu wanaotoa. Lakini tuseme kweli: anayepona kwa njia hiyo ni mtoto mwenye mjomba anayemfahamu mwandishi, au mwenye uso unaovutia huruma. Mtoto wa Ukara ambaye mama yake hana simu yenye picha hayumo kwenye mashindano hayo. Na yule aliyepigwa picha akiwa uchi wa tumbo atakuja kuwa na miaka kumi na mitano, na picha itakuwa bado ipo. Sijasema michango ikome. Nasema picha ya uso na tumbo la mtoto si bei halali ya tiketi ya kwenda hospitali, na wahariri wa magazeti, likiwemo hili litakalochapa maneno yangu, wanaweza kuchapa habari bila picha hiyo.

Wapo pia wanaosema kwamba milioni 60 zingeokoa watoto mia wenye malaria, kwa hiyo upandikizaji ni anasa. Hoja hii huonekana ya busara, nami nimeisikia ikisemwa na watu wenye shahada. Lakini fedha za mchango wa mtoto huyu hazikuwa zimepangiwa vyandarua. Hazingetolewa kamwe kama si yeye. Hoja hiyo ina nguvu pale tu inapoelekezwa kwa fungu la serikali, na hapo nakubaliana nayo nusu: shilingi ya serikali ianze na kadi ya rangi ya choo na madaktari wa upasuaji wa watoto huku mikoani, kwa sababu huko ndiko watoto wengi zaidi watakakonusurika bila mama yeyote kupasuliwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wetu wanapewa tangu 2002, nayo ilianza kama gharama ambayo watu waliiuliza.

Niseme kidogo juu ya kurudi nyumbani, maana wengi hudhani ndege ikitua habari imekwisha. Katika hospitali zenye uzoefu watoto tisa katika kumi wanakuwa hai baada ya mwaka mmoja. Ni matokeo mazuri sana. Lakini mtoto huyo atakunywa dawa ya kushusha kinga kila siku, maisha yake yote, na kiwango cha dawa katika damu lazima kipimwe mara kwa mara, kikizidi kinaumiza figo, kikipungua ini linakataliwa. Homa yake si ya kungoja hadi asubuhi, wala si ya kununuliwa dawa dukani. Baadhi ya chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua, kwa kawaida hapewi tena, kwa hiyo apewe mapema iwezekanavyo kabla ya upasuaji. Na kuna kirusi kimoja, kile kile kinachohusishwa na uvimbe wa taya wa watoto unaoitwa Burkitt, ambao wauguzi wa Kanda ya Ziwa wanaujua vizuri kuliko wenzao wa Ulaya. Kwa mtoto aliyeshushwa kinga kirusi hicho chaweza kuleta saratani ya matezi. Maswali haya aulizwe mzazi akiwa bado Mwanza: dawa hizi nitazipata wapi mwezi wa saba, kwa fedha gani, na kipimo chake nitafanyia wapi? Hospitali inayopokea dola inaweza isiwe na haraka ya kuyauliza kwa niaba yake.

Na mtoto mwenyewe? Hakuulizwa, hakuweza kuulizwa. Madaktari wa nchi zilizozoea kazi hii wanasema kwamba hatari kubwa hurudi anapofika miaka kumi na minne, kumi na sita. Anachoka kumeza vidonge, anataka kuwa kama wenzake, anavitupa dirishani bila kusema, na ini la mama yake linaanza kukataliwa. Si utundu tu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuamua jambo juu ya mwili ambao watu wazima wameuamulia tangu akiwa mchanga, na anayejua kuzungumza naye umri huo, bila kumkumbusha kila siku alivyogharimu, anafanya kazi ya uganga sawa na mwenye kisu.

Dini zetu hazikulifunga jambo hili. Baraza la wanazuoni wa fikihi lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu mtu kutoa kiungo kwa masharti, ikiwemo kwamba asijiangamize na kwamba kisiuzwe. Papa Yohane Paulo wa Pili, akizungumza Roma na wataalamu wa upandikizaji Agosti 2000, alikuita kutoa kiungo kuwa tendo la upendo, na akasisitiza kwamba mtu aelezwe kwanza na awe huru kukataa. Mashehe na mapadri wanaoketi kwenye vikao vya koo wanaweza kulitamka neno hilo la mwisho kwa sauti, mbele ya wakwe, kabla daktari hajalazimika kutafuta maneno.

Kwa mama aliye na kichanga nyumbani leo: mtoto akitimiza wiki mbili na bado ana njano, mpeleke akapimwe damu kujua ni umanjano wa aina gani, na unapokwenda chukua nepi chafu kwenye mfuko. Usione haya. Muuguzi akisema ni kawaida bila kuitazama, mwombe aifungue.

Barua kuhusu kichocho cha tumbo na maini ya wavuvi nimezipata, tatu kutoka Ukerewe na moja kutoka Musoma. Nitazijibu juma lijalo, saa ileile.